Emerance na Jiwe la Liévin

Emerance hakusamehe. Nalisema mapema, ili anayetafuta hadithi ya watu kukumbatiana na kulia aifunge hapa hapa akaote jua. Mimi ni Claire. Mwaka wa tisa sasa nauza samaki wakavu wa Tchomia, kule ziwani, mbele ya chumba chake cha kushonea, hapa mtaa wa Bigo. Kisasi chake nilikiona kikizaliwa, na siku kilipoiva nilikuwepo. Mimi pia sikusamehe, kwa hiyo msiningojee niwe hakimu.

Emerance ni mjane wa miaka hamsini na miwili, fundi wa nguo za wanawake, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Metre yake, ule utepe wa kupimia, haitoki shingoni hata akila. Akikupima mara moja hakusahau tena. Ukinenepa, yeye anajua kabla ya mume wako, na atakwambia mbele za watu.

Bénédicte alikuwa mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi. Emerance alimlea tangu mama yao alipofariki, na hakuna nguo aliyovaa yule binti ambayo haikupita kwenye cherehani ya dada yake. Mwaka juzi, karibu na Noeli, Emerance alipokuwa akimpima aliona titi la kushoto limepanda kidogo, na chuchu imevutwa ndani. Hakusema kitu. Alifanya kama afanyavyo fundi hodari: alisogeza mkunjo wa kifuani kwa upana wa kidole kimoja, blauzi ikakaa sawasawa, na kanisani watu wakaisifu. Mpaka leo akilikumbuka hilo hujipiga mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto.

Baadaye Bénédicte mwenyewe, akioga, alishika kinundu kigumu kama punje ya hindi kavu. Hakikuuma, naye akakiacha. Ndivyo tulivyo: jino likiuma tunaamsha mtaa mzima, lakini kitu kikinyamaza tunadhani kinatutakia mema. Kilipokua akaona haya kwenda kumvulia nguo daktari asiyemjua. Akaenda kwa Liévin, mganga wa mtaani.

Mimi sitamwita daktari, ingawa mtaa mzima ulimwita Docteur Liévin. Ana lango la bluu, na ndani yake mabenchi mawili ambayo siku zile hayakuwahi kuwa matupu. Alimchanja Bénédicte chale kwenye titi, akambandika majani yaliyotwangwa, kisha akamwambia kwamba hicho si kinundu. Ni jiwe, na kuna mtu amemtupia. Bénédicte akauliza ni nani. Liévin akafumba macho, akasema, "Ni mutu wa damu yako. Anakugusaka mwili kila mara."

Nani mwingine alimgusa mwili kila mara, kama si dada yake mwenye metre?

Miezi saba Bénédicte hakukanyaga hapa. Emerance akaenda kumgongea mlango, mimi nikiwa nyuma yake nimebeba bakuli la samaki. Yule binti, aliyezoea kumwita Yaya, yaani dada mkubwa, alijibu kutoka ndani, "Yaya, usinigusange tena. Baki na metre yako." Tukarudi na samaki wetu. Hakujua kosa lake ni lipi.

Akina mama wa kwaya ndio waliokuja kutuambia, baada ya kumtembelea na kusikia harufu ya kidonda. Tulimbeba hadi hospitali. Daktari alisema ni kansa ya titi, na imekwisha kusambaa. Aliuliza ilianza lini. Bénédicte akasema lini, naye daktari akaweka kalamu chini. Siku ya mwisho Bénédicte alimshika dada yake mkono, akamsimulia maneno ya Liévin: "Yaya, unisamehe. Niliamini ni weye." Emerance akamwambia alale. Nilitaka kupiga ukuta kichwa.

Kwenye matanga, Liévin alikuja amevaa suti, akakaa kiti cha mbele, akaanza kueleza kwamba mgonjwa alimfikia kwa kuchelewa. Emerance alisimama.

"Weye Liévin," alisema, "nitakutosha batu mu mabenchi yako, mumoja mumoja." Kwetu kutosha ni kutoa.

Vijana wa familia walidhani anaomba moto. Wakaja kwake kesho yake kumwambia nyumba ile itaungua kabla ya jua kuchwa. Akawafukuza. "Mukichoma nyumba, batu batamuhurumia, na atajenga ingine. Miye nataka abaki mu nyumba yake, mabenchi ikiwa bule, bila mutu."

Ndipo alipomwendea Alliance, muuguzi wa kituo cha afya, akamwambia, "Unifundishe yote." Akafundishwa. Tangu siku ile hakuna mwanamke aliyepimwa nguo kwake kabla ya kusikia somo. Kama bado unaona siku zako, jichunguze siku chache baada ya kumaliza. Kama zimekoma, chagua tarehe moja ya mwezi na usiisahau. Simama mbele ya kioo, mikono chini, kisha mikono juu. Tazama kama titi moja limebadilika, kama ngozi imejikunja, kama chuchu imeingia ndani au inatoa maji au damu. Halafu ulale chali, na kwa vidole vitatu vilivyonyooshwa upapase titi lote kwa miduara midogo, hadi kwapani. Ukikuta kitu ambacho hakikuwepo, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Usingoje kianze kuuma.

Mke wa mchungaji alilalamika kwamba hayo si maneno ya kusemwa mbele ya watu. "Mama," Emerance akamjibu huku sindano ziko mdomoni, "kuku yako yote unaijua kwa rangi, na titi yako haujue?" Yule mama alicheka mpaka akaketi, kisha akajifunza.

Wengi waliokwenda hospitali walirudi wakiimba, kwani si kila uvimbe ni kansa. Emerance aliwaelekeza warudi kwa njia ya lango la bluu, karatasi ya hospitali mkononi, ili Liévin aione. Ilikuwa njia ndefu zaidi, lakini hakuna aliyethubutu kumbishia. Wateja wapya wa Liévin wakapungua. Hata hivyo, kutoka kwenye benchi lenyewe hakuwa amemwinua hata mtu mmoja. Waliokwisha kukaa pale waliendelea kukaa, na jambo hilo lilimla moyo.

Pasaka ya mwaka huu ikakaribia. Kwaya ikanunua vikwembe, yaani vitenge, vya sare, akina mama wote wakaja kupimwa, na miongoni mwao akaja Madeleine, mke wa Liévin. Alisimama katikati ya chumba akitazama sakafu. Emerance akampima bila somo. Alipofika kifuani, metre ikasimama. Mimi nilikuwa mlangoni nikipangusa nzi. Juu ya titi la kulia, ngozi ya Madeleine ilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama ganda la chungwa.

"Inatosha," Emerance akasema. "Uende."

Alipoondoka nikauliza, "Umemwambia?"

"Kwa nini? Bwana yake si docteur? Amutibu."

Sitawadanganya, nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikapika vizuri, nikala nikashiba. Dawa ya moto ni moto, nikajiambia. Alale naye kitandani kila siku akilitazama jiwe lake.

Siku ya tatu nikasikia cherehani imenyamaza. Nikaingia. Emerance alikuwa amekaa na kikwembe cha Madeleine magotini, kimekatwa nusu, na chaki mkononi.

"Claire, ona mukono yangu," akasema. Alama ya mkunjo wa kifuani ilikuwa imesogezwa upana wa kidole kimoja. Mkono wake ulifanya wenyewe, kama ulivyomfanyia Bénédicte. "Nilianza tena kuficha. Liévin ananifundisha kazi yake."

Akatupa mkasi, akatoka na metre shingoni. Nilimfuata mbio, samaki nikamwachia Mungu. Tulimkuta Madeleine anachota maji bombani. Emerance hakumsalimu. "Uko na kitu ku titi. Mukono ya kuume. Nilikiona na nilinyamaza, sababu nilitaka ukufe."

Madeleine aliweka bidoni ya maji chini. "Niko nacho tangu mwezi ya kumi na moja," akasema. "Majani ya Bénédicte, miye njo nilitwangaka. Sasa ananitwangia yeye."

"Na alikuambia nani alikutupia jiwe?"

Madeleine alifunga bomba. "Hapana. Aliniambia tu ninyamaze, batu basisikie."

Emerance alicheka kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. Kumbe kwa mkewe mwenyewe hakufumba macho kumtafuta mchawi! Kwa mtoto wa watu alimtafuta, na akampata dada yake.

"Kesho asubuhi nitakuja kukupeleka," Emerance akasema.

Madeleine yuko hai. Nalisema sasa ili msihangaike. Alipasuliwa, akatolewa titi, bado anafuata matibabu, na kwenye kwaya sauti yake inasikika kuliko ya wote. Daktari alimwambia kwamba angechelewa miezi michache zaidi, pengine yeye daktari angekuwa anasema maneno mengine.

Lakini ile asubuhi ndiyo ninayotaka kuwapa. Liévin alikwisha kusikia. Alitutumia ujumbe kwamba tupitie mlango wa nyuma, kwenye choo, kwa heshima ya nyumba. Emerance akasimama mbele ya lango la bluu, mikono kiunoni, mimi pembeni yake. Mabenchi yalikuwa na watu wanane. Tulimwona Madeleine akitoka nyumbani na begi, akatazama upande wa choo, kisha akaja moja kwa moja katikati ya mabenchi.

Liévin akamkimbilia, akiwachekea wateja. "Bibi yangu anaenda kusalimia mugonjwa ku hopital."

"Mugonjwa ni miye," Madeleine akasema. "Niko na jiwe ku titi."

Vichwa vyote vinane vikageuka. Kwenye benchi la pili alikuwepo mwanamke kijana aliyekuwa ameshikilia kikwembe chake kifuani kwa mikono miwili. Aliuliza kwa sauti ndogo, bila ubaya wowote, "Docteur, yeye nani alimutupia?"

Liévin alifungua mdomo. Nilimtazama vizuri, maana nilikuwa nimeingojea siku ile kuliko Krismasi. Alimtazama mkewe, akamtazama Emerance, akatazama miguu yake. Hakufumba macho.

Yule mwanamke alingoja. Kisha akafunga kikwembe chake, akainuka, akatufuata barabarani.

Emerance hakugeuka nyuma. Alirekebisha metre shingoni, akachukua begi la Madeleine mkononi mwake, akasema, "Mumoja."