Fidla Nne za Ndunge

Mtu akisema mdogo wangu Ndunge "anacheza na kompyuta", tunakosana hapo hapo. Mimi Syokimau ndiye ninayeishi naye mtaa wa Mountain View, Nairobi, na kazi yake naijua. Anatunga muziki wa filamu. Okestra hana, kwa hivyo anatumia maktaba za sauti: wapigaji halisi walirekodiwa noti moja moja, naye anaziunga kwa kinanda mpaka zitoe wimbo.

Mwaka jana Jamleck, mwongozaji wa filamu kule Kilimani, alimpa Ndunge filamu ya kwanza ya kutungia muziki. Katika tukio la mwisho mama anapepeta mchele akimngoja mwanawe. Jamleck alitaka okestra nzima, iliyorekodiwa kwenye ukumbi mkubwa wenye mwangwi. Ndunge akachagua maktaba ndogo, fidla nne tu ndani ya chumba, mpaka unasikia upinde ukikwaruza nyuzi.

"Hiyo ni ya kimaskini," Jamleck akasema. "Leta kubwa, ama nitafute mtu mwingine."

Nilimwambia Ndunge ampe anachotaka, asipoteze kazi kwa ukaidi. Wapi. Alitengeneza zote mbili, akanivuta twende Kilimani eti nimtie moyo.

Alianza na ile kubwa. Tarumbeta zikalia, ngoma zikanguruma, na mama wa watu anapeperusha makapi. Mwau, mhariri wa filamu, alishindwa kujizuia.

"Kwani mchele unaenda vitani?"

Hata Jamleck akacheka, ingawa hakutaka. Ndunge akabonyeza ya pili. Fidla zilisikika karibu kabisa, kama watu walioketi jikoni na yule mama. Hakuna aliyecheka. Jamleck akaomba irudiwe, kisha akasema, "Weka hii."

Filamu ilipoonyeshwa mjini, tulimleta Mama kutoka Machakos. Mama hajawahi kuikubali kazi hii. Kila akipiga simu humuuliza Ndunge ataajiriwa lini. Jina la Ndunge lilipopita kwenye skrini, nilipiga makofi mpaka watu wakageuka, na wageuke tu. Mama akainuka na mkoba wake, akaangaza macho ukumbini.

"Wako wapi wale wa fidla? Nataka kuwasalimia."

"Hawako hapa, Mama," nikamwambia. "Fidla zote nne ni Ndunge."

Mama akamgeukia Ndunge. Kisha akampa mkono. Akampa tena, na tena, na tena, mpaka wote wanne wakasalimiwa.