Barua ya Mama Asiye na Viatu

Mwanangu, katika siku zote nilizojaliwa kuziona, ipo moja nikiikumbuka nacheka mpaka mbavu zinaomba likizo, kisha naona haya. Ilikuwa miaka ya sabini, kule Kasansa, wilaya ya Mpanda, nami nimetoka kupewa cheti cha Hatua ya Nne cha kisomo cha watu wazima. Ngumbaru, walituita. Lakini mimi nilijiona msomi ambaye Mpanda nzima haijapata kumwona. Nilitembea na kalamu mbili mfukoni, na moja haikuwa na wino.

Akanijia Mayu Kabula. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na huyu alikuwa amehamia kwetu na familia yake na ng'ombe wao. Alikuwa na punda jike aliyekuwa akibeba mahindi ya nusu kijiji kwenda kusagwa mashineni. Sasa mgongo wa punda ulikuwa na vidonda viwili, inzi wameshahamia, na chakula ameanza kukikataa. Dawa kwetu haikuwepo.

"Niandikie barua iende kwa akina mama wa kanisa, wa kigango cha Shanwe, kule mjini," akasema. "Watutafutie dawa. Huyu akifa, mimi nitabeba kwa kichwa mpaka shingo iingie tumboni."

Nikawaza: nikiandika "punda", nani atatoa chozi? Sasa tazama ujanja wangu. Kiswahili chetu hakimbagui mnyama. Mtu ni yeye, na punda naye ni yeye. Basi nikapenya hapo hapo:

"Wapendwa, naandika karatasi ikilowa machozi. Yuko mama mmoja hapa kwetu. Amezaa mara tano, na baba wa watoto hajulikani aliko. Tangu usichana wake anabeba mizigo ya watu. Leo mgongo wake unaoza. Hana nguo, hana viatu, analala nje kwenye baridi. Hata ile sauti yake tamu iliyotuamsha alfajiri, siku hizi hatuisikii. Njooni kabla hajakata roho!"

Uongo hapo hakuna hata neno moja, mwanangu. Labda hayo machozi, na hiyo "tamu".

Nilipomsomea Mayu Kabula, akakuna kichwa. "Mbona punda simsikii?"

"Mayu," nikamjibu, "hiyo ndiyo fasihi."

Baada ya siku nne, lori la mpunga likasimama kijijini. Wakashuka akina mama sita weupe kwa vumbi, na katekista mwenye kitabu cha sala za wagonjwa. Kiongozi wao, Mama Theresia, alishika gauni lililoachwa wazi mgongoni ili lisikwaruze vidonda. Kulikuwa na uji wa ulezi, sabuni, blanketi, na kandambili jozi moja.

"Yuko wapi mgonjwa?"

Jasho lilinitoka madebe mawili. Haya, tuseme debe moja. Mayu Kabula, ambaye hakujua fasihi, akawapeleka moja kwa moja zizini. "Huyu hapa. Leo siku ya pili hali kitu."

Wakamtazama punda. Punda akawatazama wao.

Katekista akafungua barua yangu. "Ndugu, hapa umesema hana viatu."

"Kwani anavyo?"

"Na amezaa mara tano?"

"Kitinda mimba wake yule pale, anatafuna magunzi."

Mama mmoja akaanza kucheka, akamwambukiza wa pili, mpaka wakakaa chini. Mama Theresia hakucheka. Aliinama, akavitazama vile vidonda kwa muda, akafukuza inzi kwa lile gauni.

"Mnyama huyu anaumwa kweli," akasema. "Ungeandika punda, tungepitia kwa bwana mifugo, ofisi yake tunaipita kila siku. Sasa dawa hatuna. Tumemletea kandambili! Na blanketi hili, unajua limetoka wapi? Bibi Veronika amelivua kitandani kwake, na hana lingine. Utapanda lori hili na sisi, umrudishie kwa mkono wako."

Nikapanda. Safari nzima ungenionea huruma: nimekumbatia blanketi la watu, na akina mama wananiita Mama Watoto Watano.

Mjini nilimfuata kwanza bwana mifugo. Fasihi ilikuwa imeniishia. "Ni punda," nikasema. "Vidonda viwili mgongoni, kila kimoja kama kiganja. Hali tangu juzi." Hakuuliza la pili. Alinipa dawa, akanionyesha namna ya kuosha, akaniambia asibebe mzigo mpaka apone.

Kisha kwa Bibi Veronika. Alinipokea kwa mikono miwili. "Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Bibi, nisamehe. Mgonjwa ni punda."

Alicheka, mwanangu, mpaka akashika ukuta. Halafu akajifuta macho, akasema taratibu: "Kwani punda haumwi? Ungesema tu, mjukuu wangu. Blanketi nisingetoa, lakini magunia laini ya kumtandika ninayo matatu." Akaingia ndani, akanitolea yote matatu.

Punda alipona. Siku aliyopata nguvu alinipiga teke la paja, nikaruka kama maili moja hivi. Asante ya punda ni mateke, wahenga walisema, na hilo nilistahili.

Basi nisikilize. Siku ukimwombea kiumbe asiyejua kusema, gusa mioyo ya watu, hilo halikatazwi. Lakini waguse kwa kidonda chenyewe, upana wake na mahali kilipo. Mtaje mgonjwa kwa jina lake. Chumvi ikizidi mboga haifai, na huruma iliyopotezwa njia hubeba kandambili ikaacha dawa. Tena usiwadharau wasomaji ukadhani mioyo yao ni midogo kuliko yako. Mimi niliwadharau, kumbe bibi kizee alikuwa na huruma ya kumtosha hata punda.

Mungu akupe kalamu yenye wino na ulimi wenye ukweli. Kila utakapoomba kwa ajili ya mnyonge, upewe kile anachokihitaji. Na wewe ukiugua, mwanangu, akuandikie barua mtu atakayekutaja kuwa ni wewe.