Siku Kompyuta Yangu Ilipowalaza Chini Wageni wa Shangazi

Aibu hii sijaizoea hata kidogo. Nikipita Muhokya bado kuna mama mmoja wa kwaya ambaye lazima aniulize kama leo nimekuja peke yangu au nimekuja na vita, na mimi hucheka, lakini masikio yananiwaka moto.

Enzi hizo nilikuwa na kompyuta ya kuchezea gemu, ile ya sanduku kubwa, imezeeka mpaka feni yake ilikuwa inakohoa. Ukiiwasha unaenda kuchemsha chai, unarudi bado inafikiri, ndiyo maana nilikuwa nimeipanga ikishaamka ifungue gemu yenyewe (uvivu tu, nakiri). Kaka yangu Joeli, tuliyekuwa tukiishi naye Kasese, magharibi mwa Uganda, alikuwa ameichoka. "Hii kitu imekufa, dada. Tupa, nunua mpya."

Lakini ndani ya gemu yangu kulikuwa na bonde moja lenye mto na milima, ambalo kwenye mashine ile lilionekana kama uji uliomwagika, na mimi kila nikifumba macho naliona jinsi lilivyopaswa kuwa, majani yanacheza, ukungu unateremka polepole. Nikaamua sinunui mpya, naongeza kadi ya picha tu, kile kifaa cha ndani kinachochora picha za gemu. Siku ya soko nikashuka Bwera, mpakani, nikampata mama mmoja aliyevuka kutoka Kongo na vyombo vya umeme vilivyotumika.

"Ile kadi iko ya nguvu," akaniambia. "Ukiiweka, mashine itakuwa mupya. Ni mutu ya Beni aliileta."

Jamani, hakudanganya. Jioni ile nilikaa mbele ya bonde langu kama mtu aliyefika nyumbani baada ya safari ndefu, sikupiga risasi hata moja, nilitembea tu kando ya mto.

Sasa, Jumamosi iliyofuata shangazi yetu Rozi alikuwa anafanya shukrani uwanjani pa kanisa, Muhokya, kwa kustaafu ualimu. Alikuwa amenikabidhi picha zake za zamani, nyingi za marehemu mjomba, mumewe, nizionyeshe kwa projekta. Joeli akaniambia niazime laptop ya ofisini kwao. Nikakataa! Nilitaka watu waone mashine yangu ilivyofufuka.

Basi wageni wamekaa chini ya hema jeusi, spika za kukodi zimepangwa, nikawasha. Zamani ningepata nafasi ya kuizuia gemu, lakini kwa kadi mpya kufumba na kufumbua bonde likajaa kwenye shuka jeupe tulilolitundika mbele, kubwa, na ukungu wake, na ndege wakilia kwenye spika. Mzee mmoja akauliza, "Hii ni huku kwetu juu, Kilembe?" Mchungaji akainua mikono, "Tazameni kazi ya Mungu!" Nami badala ya kufunga nikasimama pale na mausi mkononi, natabasamu, naona kama mimi ndiye niliyeumba ile milima.

Nilisahau kwamba bonde lile lina maadui.

Risasi zilipolia kwenye zile spika, hema zima lilitikisika. Afande Muhindo, mwanajeshi mstaafu, jirani ya shangazi, akanguruma, "Lala chini! Wote chini! Hakuna kusimama!" na watu wa Kasese, walioishi na vita vya waasi, hawahitaji kuambiwa mara mbili mambo hayo. Viti vikapinduka, magauni ya gomesi ya akina mama yakatanda kwenye nyasi, mchungaji akaingia chini ya meza ya keki, keki ikamfuata. Mimi nikapiga kelele, "Ni gemu! Ni gemu tu!" lakini nani anasikia? Nikavuta waya wa umeme kwa nguvu zote, sanduku likaanguka, likatoa moshi, na mtu akapiga yowe, "Bomu!"

Moshi ukatawanyika, na hakuna kilicholipuka. Kicheko kikaanzia nyuma, kikaenea. Shangazi akainuka na nyasi kichwani, akalitazama sanduku langu, akasema, "Basi picha nitawasimulia." Akasimulia kweli: mjomba na baiskeli yake, mjomba akimfundisha kula samaki wa ziwani Hamukungu, na watu wakawa wanaona bila shuka wala umeme.

Lakini afande Muhindo hakucheka. Alikuwa bado chini, kakumbatia mguu wa kiti. Nikaenda nikapiga magoti, "Afande, nisamehe. Ilikuwa mchezo."

"Najua, mutoto," akasema. "Kichwa imejua. Mikono ndiyo haijajua."

Nikakaa naye kwenye nyasi, nimemshika hiyo mikono mpaka ikatulia.

Kompyuta haikuwaka tena, nami baadaye nilinunua mpya. Nimeapa haitatoka chumbani kwangu kwenda shughuli ya mtu yeyote, hata akiniomba askofu, na ndani yake sichezi tena gemu ya bunduki. Nimetafuta ya kulima.