Punda Aliyejua Kitalu cha Lusina

Hili nikiwasimulia mtacheka, na mcheke tu, maana hata mimi nikilikumbuka nikiwa peke yangu nafunika uso na kanga. Nilikuwa ndiyo nimetoka chuo cha mifugo, mtoto wa mjini, Kaloleni, ambaye ng'ombe nilimjua zaidi kwenye daftari, nikapelekwa Oldonyo Sambu, upande ule mkavu wa Mlima Meru, kulinganisha malisho matatu ya jamii ya mikunde, yaani lusina, ngwara na kunde, tuone lipi linatoa majani mengi kwa mvua kidogo ya kule. Sharti lilikuwa moja: hakuna kumwagilia. Mvua ya Mungu, basi.

Vitalu vilikuwa shambani kwa Mama Naserian, mjane aliyenipa chumba, na kila jioni mimi na punda wake tulikwenda kuchota maji bombani (punda mzee, hahitaji hata kuswagwa). Sasa lusina ikaanza kunyauka. Na lusina ndiyo niliyoisifia kwenye kikao, mbele ya kikundi kizima cha wafugaji. Jioni moja nikamsimamisha punda pale, nikamimina nusu dumu. Nusu tu, nikajiambia, isife kabla sijaipima. Kesho yake likawa dumu zima, na baada ya hapo ikawa ndiyo desturi.

Siku ya kikundi kuja kutazama ikafika. Lusina kijani kibichi, kunde imekwisha kukauka, ngwara imejaa vumbi. Mzee Lukumay, mwenyekiti wao, akasema, "Daktari, tumeona. Mbegu ya msimu huu tuchukue lusina." (Kule mtu wa mifugo yeyote ni daktari.) Mikono ikaanza kunyooshwa, na mimi, Mungu anisamehe, nikakaa kimya natabasamu.

Ndipo punda akatokea na madumu ya maji ya chai ya wageni, Mama Naserian nyuma yake. Akawapita watu, akalipita jiko, akaenda moja kwa moja hadi kwenye lusina, akageuza ubavu, akasimama. Mama Naserian akamvuta, hatoki. Watu wakamtazama punda, kisha mmoja mmoja wakaanza kunitazama mimi.

"Huyu anasubiri kushushwa mzigo," Mzee Lukumay akasema taratibu. "Hapa huwa anashusha nini?"

Nikajibu nikimtazama punda, "Maji, mzee. Kila jioni."

Wengine walicheka hadi wakashikana mabega. Mzee Lukumay hakucheka. "Kiangazi kilichopita nilipoteza ng'ombe wanne," akasema. "Ningepanda hii, ningemaliza waliobaki."

Afadhali angenitukana. Mama Naserian ndiye aliyeniokoa, akauliza, "Na ile ngwara, nayo uliinywesha?"

"Hata tone, mama."

Wakaniacha nimesimama na punda, wakaenda kuinamia ngwara, wanapukuta vumbi, wanavunja mashina, wananusa, mmoja anafukua mzizi aone umeshuka hadi wapi. Chini ya vumbi majani yalikuwa mapana na laini. Nikajikuta nimepiga magoti kati yao, nami natazama kwa mshangao, kwa sababu msimu mzima nilikuwa nahangaikia lusina yangu, ngwara naipima tu na kupita.

Kikundi kikachukua ngwara. Kwenye ripoti nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: kitalu cha lusina kimeharibiwa na mtafiti.

Siku hizi mmea ukinyauka mbele yangu, naandika "umenyauka", nafunga daftari, naondoka haraka kabla huruma haijanishika.