Siku Nilipokaangwa Mtoni

Juzi, nikitoka Kibondo mjini, nilimwona Mzungu mmoja wa kule kambi ya wakimbizi anashuka mto kwa mtumbwi mdogo wa plastiki. Kwenye maporomoko maji yakambana, yakamgeuza kichwa chini, miguu juu. Nikacheka peke yangu: kakaangwa!

Hilo lilikuwa neno letu, watoto wa kijiji cha Murungu. Tulishuka mto juu ya vigogo vya migomba, tukinuka utomvu mwili mzima. Maji yakikuzungusha chini ya mwamba kama andazi kwenye mafuta, basi umekaangwa. Ambaye hajakaangwa aliitwa mbichi, na mbichi ndiye aliyewapandishia wenzake vigogo mlimani. Mbichi nilibaki mimi tu.

Mimi nilidhani maji yale yanachemka kweli, maana yalitoa povu jeupe na kunguruma kama sufuria ya maharage. Lakini mchana mmoja mabega yaliniuma kwa kubeba vigogo, nikachoka kusubiri.

"Leo nashuka," nikasema.

"Mbichi we, utalia!" akasema Bukuru, mkubwa wetu. "Haya. Ukigeuzwa, achia mgomba. Maji ya chini yatakutoa."

Nikafumba macho, nikaenda. Nikageuzwa, nikameza tope, mikono ikakataa kuachia. Nikailazimisha. Maji yakanivuta chini, halafu yakanitema kwenye mchanga.

"Kumbe ni ya baridi!" nikapiga kelele.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha Bukuru akainama, akabeba kigogo chake mwenyewe, na wengine nao wakabeba vyao.