Konsolata wa Mtendeni, Aliyewapokea Watu na Wanyama Wao

Alizaliwa Konsolata Manirakiza mwezi Machi mwaka 1974 katika makazi ya Ulyankulu, chini ya paa la nyasi ambalo baba yake alikuwa hajamaliza kuliezeka. Wazazi wake, Anakleti na Esperansi, walikuwa wakulima Wakatoliki waliokimbia mauaji Burundi. Walivuka mpaka wakiwa na jembe, sufuria na mbwa wao. Lori la kuwapeleka makazini lilipofika, waliamriwa wamwache mbwa. Anakleti alilisimulia jambo hilo hadi uzeeni: "Alitufuata mpaka vumbi likammeza, nami nimekaa salama juu ya lori." Siku moja Konsolata, akiwa bado mdogo, alimuuliza kwa nini hakushuka. Baba akachukua jembe akaenda shambani, na mtoto hakuuliza tena.

Alipokuwa msichana alitamani utawa, akapokelewa na masista kuanza malezi. Lakini Esperansi alipooza, na Konsolata akaomba ruhusa kurudi nyumbani kumuuguza. Alimwosha na kumlisha miaka mingi, mpaka alipomzika. Hapo umri ulikuwa umemtupa mkono, na shirika halikuweza kumpokea tena. Akahamia Mtendeni, mjini Tabora, akawa anauza uji na chapati karibu na stesheni ya reli. Baadaye alikiri kwa paroko kwamba miaka ile alisali kwa mdomo tu, kwa kuwa moyo wake ulimwona Mungu kama mtu aliyefunga mlango na kuondoka na ufunguo.

Masika ya mwaka 2009 mlango ulifunguka. Kibarazani pa stesheni alilala mzee mmoja aitwaye Valentino, kibarua wa mashamba ya tumbaku huko Urambo, ambaye macho yalikuwa yamekufa, akafukuzwa kambini kwa kuwa hafai tena kazi. Aliongozwa na jike la mbwa, jina lake Subira. Konsolata alimpeleka kwenye nyumba ya malazi ya parokia. Mlinzi akamkaribisha mzee, ila akamkataa mbwa. Valentino akageuka, akapapasa ukuta kurudi mvuani.

"Baba, ingia basi upate pa kulala," Konsolata alimsihi. "Mbwa atajitafutia."

"Mwanangu, huyu ndiye aliyebaki wote waliponiacha. Nikimwacha leo, nitakuwa mimi ndiye mbaya kuliko wote."

Konsolata alilikumbuka lori la Ulyankulu, akaona aibu kwa maneno yaliyomtoka. Akamshika mzee mkono, akawapeleka wote wawili kwake.

Kuanzia hapo habari zikaenea kando ya reli. Tabora imekuwa mahali pa kutua mizigo tangu enzi za misafara, lakini waliofika kwa Konsolata walikuwa wale ambao kila mlango uliwachagulia: ingia wewe, huyo abaki. Alikuja kijana mwenye kifafa na mbuzi wake, na mama aliyetupwa na mumewe, amebeba kuku kwapani. Konsolata alijenga banda la matofali ya udongo, akamwomba bwana mifugo aje kuwachanja mbwa wote. Jirani yake, Bi Asmahani, mwanamke mcha Mungu wa Kiislamu, alilalamika kwamba mbwa wanamtia najisi akiwa na udhu. Konsolata hakubishana. Alihamishia lango upande wa pili na kuinua ukuta, akabeba matofali mwenyewe.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 2014. Aliwasili bibi aitwaye Paskazia kutoka Bukene, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, akiwa na paka mweusi kikapuni. Kijijini walimwita mchawi, na wanawe wenyewe hawakumtetea. Wiki ile ile mjukuu wa Asmahani, Najiat, akashikwa na homa kali, akaweweseka. Maneno yakapita mtaani kama moto wa kiangazi. Jioni watu wakajaa langoni na marungu, wakidai watolewe bibi na paka. Konsolata aliogopa, kama alivyokiri baadaye. Hata hivyo alisimama langoni.

"Paka huyu amekula mkononi mwangu," alisema. "Kama ni uchawi, nami ninao. Nianzeni mimi."

Mtu mmoja akainua rungu. Ndipo Asmahani alipopenya katikati yao, ushungi umemwanguka mabegani.

"Mgonjwa ni wa nani?" aliuliza. "Mjukuu wangu yuko hospitali, ana malaria, na bado sijui kama atapona. Mwenye uchungu ni mimi, na sijamtaja mtu. Nyie mnalilia nini?"

Watu wakatazamana, wakatawanyika mmoja mmoja. Najiat alipona.

Konsolata alifariki Agosti 2021 kwa ugonjwa wa figo, Valentino akimshikia rozari. Maneno yake ya mwisho yalikuwa: "Wameshakula?" Kanisa halijatamka neno juu yake, nasi hatulitangulii. Wengine husimulia kwamba pipa lake la maji halikukauka kiangazi kizima. Ila ajabu tunayoishuhudia sisi ni hii: baada ya mazishi, wana wa Paskazia walikuja kutoka Bukene, wakapiga magoti mbele ya mama yao. Yeye akauliza jambo moja tu: paka je? Mwana mkubwa, aliyekuwa wa kwanza kumwogopa, akamnyanyua paka kwa mikono yake mwenyewe.

Leo nyumba ile ya malazi ya parokia ina banda na malango mawili, moja la wanaokuja na wanyama. Na ndugu wapendwa, tukitaka kumfuata Konsolata, tuanze na desturi aliyowaachia walinzi wa nyumba hiyo. Mtu akifika peke yake na mnyama wake, humwambii "Karibu." Unasema, "Karibuni."