Upande B wa Kanda ya Dadangu

Dadangu alikuwa anapiga gitaa la umeme, na rafiki yake mmoja, jamaa wa kutoka Matulo, alikuwa anapiga ngoma. Walikuwa wawili tu. Hakuna besi, hakuna kinanda, hakuna wasichana wa kuitikia nyuma. Muziki wao ulikuwa roki, na ile miaka ukisema roki Kitale watu walikuwa wanakuangalia kama umesema unafuga nyoka. Walirekodi kanda moja huko Bungoma, kwa chumba kimebandikwa trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi. Nyimbo tano upande A, nne upande B. Wakaniletea kopi niuze kwa kibanda changu cha kutengeneza redio, mtaa wa Kibomet, hapo Kitale.

Redio nilijifunza mwenyewe. Nilikuwa mdogo nikafungua ya baba, nikachapwa, nikafungua tena, siku hiyo akanifungia kwa stoo ya mahindi kutoka asubuhi mpaka mama akarudi kutoka sokoni. Nilipotoka nilikuwa sina sauti, nimeita mpaka imeisha. Lakini redio nilikuwa nimeielewa. Na jua hivi: ukimguza dadangu, mimi nakuja. Sikuulizi umesema nini. Nakuja tu.

Mtu wa kwanza kununua kanda alikuwa mama mmoja wa maziwa. Kesho yake akarudi amebeba redio kama mtoto mwenye homa.

"Kijana, spika yangu imepasuka."

Nikaweka betri, nikajaribu. "Mama, hii redio iko sawa kabisa."

"Basi ni nini inakoroma hivyo?"

"Ni gitaa."

"Gitaa ya nani?"

"Ya dadangu."

Akafikiria kidogo. "Kwani ako mgonjwa?"

Nilimwambia maneno siwezi kuandika hapa. Akachukua redio yake akaenda kwa yule fundi mwingine karibu na posho mill ya kusaga unga, na yule mjinga akatoa spika nzima akaweka nyingine. Bado ikakoroma. Nilicheka wiki nzima. Kila akipita na mtungi wake nilikuwa nakoroma kwa sauti mpaka akaanza kupitia njia ya nyuma.

Sasa, matanga ya baba yalikuwa yamepita mwaka mmoja, na kitabu cha rambirambi kilikuwa kimebaki nusu. Kurasa safi nyingi tu. Dadangu akakileta kibandani amefunga kalamu na uzi. Jamaa wa Matulo alikuwa nyuma yake.

"Hapa mbele," dadangu akasema, akipigapiga zile kurasa za matanga, "watu wote wamedanganya juu ya baba. Ati mtu wa amani. Ati mlezi mwema. Hakuna hata mmoja alisema ukweli. Hizi zimebaki ni za ukweli. Mtu akisikiza kanda, aandike."

"Ya nini?"

Jamaa wa Matulo akatoa barua mfukoni. Chuo cha ualimu kilikuwa kimemwita, na alikuwa anatakiwa kujibu kabla mwezi uishe. "Kitabu kikisema hatufai, mimi naenda kuwa mwalimu," akasema. "Kikisema tuendelee, nabaki."

"Na mimi kikikataa naweka gitaa chini," dadangu akasema. "Kabisa. Kwa hivyo wewe usijibizane na mtu. Weka tu kitabu mezani." "Na wewe uandike."

"Mimi? Mimi si wenu?"

"Wewe zaidi ya wote."

Watu wakaandika. Watu wa Kibomet ukiwapea kalamu ya bure, wewe umejiletea. Mmoja akaandika: "Huyu msichana anaimba kama amebanwa na mlango." Mwingine: "Ngoma iko sawa. Mngewacha ngoma peke yake." Mwingine: "Kerere tupu." Mwingine: "Nilicheza hii kanda kuku wangu wakaacha kutaga. Nirudishieni mayai." Na mmoja, mwandiko mzuri kama wa karani: "Dada, olewa."

Huyo wa olewa nilimjua, kijana wa baiskeli za boda. Nilimtolea upepo magurudumu yote mawili, halafu nikamsaidia kutafuta ni nani amefanya hivyo.

Wiki ya pili nikaanza kung'oa kurasa. Nilikuwa na redio moja kubwa ya mbao, imekufa zamani, ndani nimeitoa kila kitu. Nikazisokota humo. Halafu nikaandika zingine mimi mwenyewe: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kalamu nyekundu, penseli ya kulowesha na mate. "Kazi nzuri sana, Mungu awabariki." "Endeleeni na moyo huo huo." "Sauti tamu, tutawakumbuka daima. Msikilizaji wa Sirisia." Nilijiona mjanja, bana.

Ikabaki mtu mmoja wa Bungoma hajaandika. Karibu na kile chumba cha trei za mayai, upande wa msikiti, kulikuwa na fundi wa nguo, anashona kanzu na yunifomu za shule. Alinunua kanda siku ya kwanza na dadangu alikuwa amesikia anaicheza kila siku. "Huyo ndiye namtaka," akaniambia. "Mpelekee kitabu."

Nikaenda. Redio ilikuwa kwa meza yake ya kukatia, hapo kwa vipande vya kitambaa. Akaosha mikono kwanza, akakaa chini na kitabu, akaandika, akafuta, akaandika tena. Kurasa mbili! Mimi nangoja tu nikiangalia cherehani. Alipomaliza nikasoma mstari wa kwanza: "Hii kanda ni takataka, na nitaeleza."

Nikafunga kitabu.

"Hujamaliza, fundi," akasema.

"Mimi takataka sisomi mpaka mwisho."

"Dadako aliniomba ukweli."

"Wewe unashonea watoto wa shule kaptura mguu mmoja mrefu, halafu unajua muziki?"

Akacheka. Hapo ndio alikosea, kucheka. Nikafagia ile meza na mkono, redio ikaruka, ikaangukia simenti, mlango wa kaseti ukaenda kivyake. Kanda ikabaki ndani imekwama. Yeye hata hakusimama. Aliangalia tu redio yake hapo chini, akaniambia polepole, "Mwambie dadako nimemaliza kuandika." Nikaondoka. Kurasa zake zikaingia kwa redio ya mbao na zingine.

Mwezi ukaisha. Saa sita mchana, nyumbani, mama ameenda shamba. Dadangu akafungua kitabu akaanza kutusomea. "Kazi nzuri sana, Mungu awabariki." Akarudi kurasa za mbele, akasoma: "Baba mwema, Mungu ambariki." Akaenda nyuma: "Tutawakumbuka daima." Akarudi mbele: "Tutakukumbuka daima." Alikuwa anasoma haraka haraka, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Jamaa wa Matulo akainua kichwa.

"Ngoja. Hiyo ni ya baba ama ni yetu?"

"Hata mimi sijui," dadangu akasema. Halafu akanigeukia. "Huyu wa Sirisia anasema sauti tamu. Kwa wimbo gani?"

"Zote," nikasema.

"Ule wa mwisho upande B unasema nini?"

Mimi sikosi maneno. Muulize mtu yeyote Kibomet. Lakini hapo nikashika ile kalamu nikaanza kukunjua uzi wake.

"Umesikiza?"

"Mimi nimepigana na watu kwa sababu ya hiyo kanda! Nimevunja redio ya mtu Bungoma!"

"Sijauliza kama umepigana. Nimeuliza kama umesikiza."

Nilikuwa nimesikiza nyimbo mbili. Za kwanza, upande A. Na ukweli, hata mimi nilikuwa naona ni kelele, ndio nilikuwa nachukia sana mtu akisema.

"Afadhali wangetutusi," akasema. "Kututusi unahitaji kusikiza kidogo."

Jamaa wa Matulo akakunja barua yake vizuri, akasema, "Hiki bado ni kitabu cha matanga. Mimi naenda chuo," akatoka. Dadangu akaingiza gitaa kwa gunia, akafunga na kamba ya katani, na wiki hiyo akaenda Sirisia kuuza kwa duka la shangazi. Kitabu akaenda nacho. Mimi hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Nilikaa miezi minne na kiburi changu. Halafu siku moja nikaifungua ile redio ya mbao nitoe kipande cha mbao, kurasa zikamwagika, na za yule fundi wa nguo zikawa juu. Nikasoma. Mstari wa kwanza takataka, sawa. Wa pili, upande A wote wanapiga kama watu wanakimbizwa. Halafu: "Lakini wimbo wa mwisho upande B si takataka. Huu wa mtoto aliyefungiwa stoo ya mahindi akiita. Huu ndio wimbo. Shida ni akifika kwa ufunguo anapiga gitaa kwa nguvu ndio tusisikie. Aseme. Nimerudisha kanda mara nyingi na bado sijui ufunguo ulikuwa kwa nani."

Nikaketi chini kwa vumbi ya solda.

Nikachukua kopi yangu, ndiyo moja ilikuwa imebaki. Nikageuza upande B, kuusikiza kwa mara ya kwanza. Nikabonyeza.

"Halo. Halo. Moja, mbili. Moja, mbili."

Sauti yangu. Nilikuwa nimeziba vile vishimo vya mgongoni mwa kaseti na karatasi, ndio kanda ikubali kurekodi, nikawa natumia huo upande kujaribu redio za watu, hata sikufikiri nafuta nini. Kila redio nimetengeneza miezi hiyo yote ilikuwa hapo. Halo, moja, mbili, upande mzima, mpaka kanda ikaisha ikakatika.

Nikaenda Bungoma na chuma cha kuchomea solda kwa mfuko. Fundi wa nguo aliniona akaweka mkasi karibu.

"Umekuja kumalizia cherehani?"

"Nimekuja kutengeneza redio."

"Nani amekuita?"

"Hakuna mtu. Nipe bisibisi ama nitumie yangu."

Redio ilikuwa bado kwa rafu, imevunjika vile vile, kanda yake ndani. Hakuwa ameguza. Ilinichukua asubuhi yote, na yeye kila dakika ananichoma: "Pole pole, fundi, hiyo si ya kutupa tena." Nikaendelea na solda. Kwa mara ya kwanza nilimwachia mtu neno la mwisho. Ikacheza. Wimbo wa mwisho, dadangu anaimba juu ya mtoto anamwita dadake kwa jina kutoka ndani ya stoo, na yeye amesimama nje kwa mlango, baba ameenda, jua limepanda. Akifika kwa ufunguo gitaa linalipuka. Tukarudisha. Tukarudisha tena. Mara ya tatu nikaweka sikio kwa spika, na mimi nimezoea kusikiza spika mbovu, nikasikia. Ulikuwa mfukoni mwake. Baba aliuacha mezani na yeye akauchukua, na akaogopa, na akasimama hapo.

"Umesikia?" fundi akaniuliza. "Ulikuwa kwa nani?"

"Haisikiki," nikasema.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Kesho yake nikaenda Sirisia. Dadangu alikuwa anapimia mama mmoja maharagwe na mkebe wa gorogoro. Nikangoja mama aende.

"Nimesikiza upande B."

"Halafu?"

"Hapo kwa ufunguo unapiga kelele sana. Maneno haisikiki."

Akaendelea kusawazisha maharagwe kwa gunia na mkono. "Wewe umesikia?"

"Nimesikia."

Nilikuwa nataka kusema haidhuru, tulikuwa watoto. Maneno ya matanga.

"Ungefungua," nikasema. "Nilikuita wewe. Sikuita mama."

"Najua."

"Na hata kwa wimbo umejificha nyuma ya gitaa. Umeniacha ndani mara mbili."

Dadangu akaweka gorogoro chini. Aliinama chini ya kaunta, akatoa kile kitabu cha baba, kalamu bado imefungwa na uzi, akakifungua ukurasa safi akanisukumia.

"Andika," akasema.

Nikaandika. Mara hii sikubadilisha mwandiko.